Kitenzi Kinachobonyea

Nianze na hasira zangu kabisa, zisije zikapoa njiani. Kuna neno la Kihispania linaitwa dormir. Maana yake ni kulala, basi, hakuna kingine. Na mimi kulala nakujua. Bila kujisifu, kwa kulala mtaa mzima hakuna wa kunifikia, na mke wangu ni shahidi, ingawa yeye hulieleza jambo hilo kwa uchungu. Lakini wenye lugha ile sijui walikosana na nani, maana neno lao la kulala halitulii. Ukitaja kulala lina sura hii, ukisema nalala limeshabadilika tumbo, ukimtakia mtu alale limebadilika tumbo na mkia, na ukisema tulale sote linakuja na tumbo la tatu ambalo hata ndugu zake hawalitambui. Hilo ni la kulala tu. La kupigana sijui likoje.

Nisingejali. Mimi maneno yangu yananitosha na mengine nawagawia watu bure. Lakini neno hilo walimtesea mtu wangu, shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi makochi ambaye hata inzi akimtua puani humwomba kwa adabu aondoke. Mtaani wanamwita Sponji. Karakana yetu ni moja, ndefu na nyembamba kama koridoo. Mbele nakaa mimi seremala, natengeneza fremu. Nyuma anakaa yeye, anazivalisha mikanda, springi, sponji na kitambaa. Mimi natoa mifupa, yeye anaweka nyama. Fremu yangu haijawahi kuvunjika, isipokuwa ile moja waliyoipandia wanaume watatu wakacheza juu yake, na hapo waliovunjika zaidi ni wao.

Kama unataka kumjua Sponji, mtazame akimalizia kazi. Kila kochi lina kile kitambaa cheusi cha chini, cha kufunga tumbo. Mafundi wengine wanakipiga misumari na kumwambia mteja chukua mzigo wako. Sponji hapana. Analiinua kochi juu ya magogo, anamwita mwenyewe aje akae, halafu yeye anaingia chini, analala chali, anaweka kiganja kwenye mikanda na kusikiliza. Anataka ajue uzito unaangukia wapi. Kuna mtu anakaa kwa ubavu, kuna anayekaa nchani kama ana deni, kuna anayejitupa. Akishajua, anakaza hapa, analegeza pale, ndipo anafunga. Bila mwenyewe kukaa, hafungi, hata ukimlilia. Mama mmoja mnene alikaa, akasikia mtu anahema chini yake, akauliza kwa ukali anachungulia nini huko. Sponji akajibu kwa heshima zote, "Uzito wako, mama." Yule mama alisusa, akakaa nyumbani kwake juu ya mkeka mpaka hasira zikaisha, akarudi.

Jambo la pili, Sponji ukimtazama usoni hasemi. Anaona haya. Macho ya watu wawili yakimwelekea, ulimi unarudi ndani kama kobe. Lakini akishaingia chini ya kochi anaongea vizuri kuliko mbunge. Mambo yote makubwa ya familia tumeyazungumza akiwa chini. Mimi nimeongea zaidi na miguu ya shemeji yangu kuliko nilivyoongea na uso wake, na nikikutana na soksi zake popote duniani nitazisalimia kwanza.

Sasa binti yake, mpwa wangu, alikwenda kusomea udaktari wa mifugo katika nchi wanayoongea Kihispania. Tulimpeleka akatibu ng'ombe, akapata mchumba. Akapiga simu kusema ndoa itafungwa huku kwetu, na wazazi wa mume wanakuja, watu wazuri, ila hawajui lugha nyingine yoyote. Dada yangu alifurahi mpaka akaunguza chapati. Sponji alikata simu, akaingia chini ya kochi, akakaa huko muda mrefu.

Nikaja nikachuchumaa karibu na miguu yake. Nikamuuliza kulikoni, bamkwe mtarajiwa. Akaniambia kuna neno moja anataka kuwaambia wale watoto siku hiyo, na anataka aliseme mwenyewe, kwa lugha ambayo mkwe wake ataielewa bila mtu kusimama katikati. Nikamwambia si binti atatafsiri. Akasema, "Shemeji, bibi harusi atatafsiri vipi maneno ya kumwombea yeye mwenyewe? Aseme baba anakuagiza unipende? Ataonekana anajiombea."

Nikaacha kuchuchumaa, nikavuta kigoda.

Neno lenyewe nilijua hata kabla hajalitaja, maana ni la nyumbani kwao. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao aligombana na dada, akaja kulala karakanani, juu ya kochi la mteja lililokuwa limekamilika. Asubuhi mteja akafika na wabebaji, akamkuta fundi amejikunyata kwenye mali yake, anakoroma. Aibu ile ilimwingia mpaka kwenye uboho. Tangu hapo yeye na dada wana sheria moja: hakuna kulala na hasira. Wakikosana wanakaa macho, mmoja huku, mwingine kule, mpaka mtu acheke. Na kwa sababu dada yangu ni mrithi wa ukoo wetu kwa ubishi, nimewahi kuwakuta asubuhi macho mekundu kama nyanya, lakini wamepatana. Hilo ndilo alitaka kuwapa wale watoto. Pendaneni, msilale na hasira. Maneno manne tu. Nani angemnyima mtu maneno manne?

Aliyemnyima yupo, na ninamtaja kwa jina nililompa mwenyewe: Bwana Ratiba. Ni mdogo wake Sponji, baba mdogo wa bibi harusi. Ana ofisi, ana tai, na hawezi kwenda chooni bila agenda. Alipopata habari za harusi alikuja nyumbani kwa dada, akakaa kwenye kochi nililolitengenezea fremu kwa mikono hii, akatangaza kwamba siku hiyo atazungumza yeye kwa niaba ya familia. Atamleta na mkalimani. Sponji akasema polepole, macho chini, kwamba angependa kuwaambia watoto neno yeye mwenyewe, na kwamba ameanza darasa. Bwana Ratiba akacheka, si kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akasema, "Kaka, Kihispania si sponji, huwezi kukijaza kwa kukisukuma na ngumi. Wewe utasimama pale, tutajivunia. Usitutie aibu tu mbele ya wageni."

Nilitaka kumwambia kwamba fremu anayoikalia ina mdomo na itasema nani ana aibu. Dada akanikanyaga mguu.

Darasa lilikuwa jioni, chumba cha juu ya duka la dawa, ngazi za chuma zinazolia kila ukipanda. Madawati yalikuwa ya watoto wadogo, magoti yanagonga meza, na kwenye ubao kulikuwa na kivuli cha hesabu za mchana ambazo hazikufutika vizuri. Nilimsindikiza Sponji kwa sababu nilijua atanyamaza, na mimi kunyamaza kwa niaba ya mtu siwezi, lakini kusema naweza. Mwalimu alikuwa kijana msafi, viatu vinameta, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali huku akiangalia dirishani, kana kwamba jibu zuri litakuja na kunguru.

Siku hiyo alikuwa anafundisha jambo aliloliita hali ya matakwa na mashaka. Akajaza ubao kwa majedwali. Akasema vitenzi vingine shina lake linageuka, hasa hicho cha kulala na kingine cha kutaka, querer, ambacho kwao ndicho hicho hicho cha kupenda. Akasema kwenye hali hii ndipo wengi wenye elimu ndogo huishia, wala tusijilaumu, kwa sababu lugha yetu haina kitu kama hiki, kwa hiyo ubongo wetu haujakizoea. Hayo ni maneno yake. Ubongo wetu. Nikaangalia kichwa cha Sponji, kipara kinachong'aa kwa jasho la adabu, nikapandwa na moto.

Kisha akaomba mfano wa sentensi ya kutamani jambo, hata kwa Kiswahili. Nikainua mkono. Nikasema, "Natamani kipindi kiishe."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akaniambia nitoke. Nilishuka zile ngazi zikinililia kila hatua, na hadi leo naeleza watu kwamba mimi nilisoma Kihispania nikamaliza siku moja.

Mnaweza kufikiri hasira zangu ni za kufukuzwa. Mimi nimefukuzwa darasani tangu nikiwa mdogo, nimezoea, ndiyo maana niliacha shule mapema, kuwapunguzia kazi. Hasira zangu ni kwa yale majedwali. Sponji aliyanakili, akayabandika ukutani karakanani kati ya vipande vya vitambaa, na kila siku anayasoma midomo ikicheza bila sauti, na kila siku yanatoka kichwani kama maji kwenye chekeche. Duermo, nalala, unatamka dwermo. Duerma, nilale. Durmamos, tulale. Dwe, dwe, halafu du. Aliyabandua, akayageuza, akayabandika upya. Dada alipoyaona aliuliza kama tumeanza uganga.

Siku moja akampigia binti yake, akamwomba amtamkie hayo maneno polepole, mstari kwa mstari, bila kueleza chochote. Akaweka simu kifuani, akaingia chini ya kochi. Mimi nilikuwa napiga randa mkono wa kiti, nikasimamisha kazi nisikilize. Sauti ya mpwa wangu ikawa inatoka chini ya kochi: duerma, duermas, duerma, durmamos, duerman. Tena. Tena. Na kila akitaja, nasikia Sponji anagonga mkanda kwa kidole.

Baada ya simu, miguu ikasema, "Shemeji, njoo. Sauti inakalia wapi?"

Nikamuuliza sauti ina makalio tangu lini.

Akasema nisikilize vizuri. Dwer-ma: sauti inakandamiza pale tumboni. Na pale inapokandamiza, o inashindwa uzito, inabonyea, inapasuka kuwa ue. Lakini kwenye tulale, durmamos, sauti imehama imekalia mbele, kwenye ma. Tumboni hakuna mtu. Ndiyo maana hakukupasuka. Akanipa na lile la kutaka: quiera, atake, imekaliwa, imebonyea; queramos, tutake, mtu ameinuka, e imerudi mahali pake. Ni kochi, akasema. Kinachobadilika ni mahali mtu alipokaa.

Nitasema ukweli, nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Watu wana vyuo, wana majedwali, wana viatu vinavyometa, hawakuona kitu rahisi hivyo cha kumwambia mtu? Lakini mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nikamuuliza: kama kwenye durmamos tumbo halijakaliwa, o ingerudi kuwa o, ikawa dormamos. Hiyo u imetoka wapi? Kama wanataka kubadilisha wabadilishe, kama hawataki waache, mbona wanasimama nusu mlango?

Nikasikia anabonyeza springi moja, anaiachia, anaibonyeza.

"Springi iliyochoka," akasema mwishowe. "Mtu ameondoka, lakini haijapanda mpaka juu. La kutaka lina springi mpya, la kulala limelaliwa sana."

Nilicheka, lakini hasira zangu kwa ile u hazikuisha, na nataka ieleweke hivyo.

Ikabaki mkia. Mbona duerme, analala, ukimtakia mtu inakuwa duerma? Hapo tulikwama mpaka dada akafika na chakula, akakiweka juu ya benchi langu, akasema, "Nataka mle kabla hakijapoa, nina safari ya sokoni."

Sponji akatoka chini ya kochi haraka mpaka akagonga kipara. Akamwambia arudie. Dada akauliza arudie nini, kwani wamekuwa viziwi, amesema anataka wale. Sponji akanitazama usoni, jambo ambalo ni nadra kwake kama kunyamaza kulivyo kwangu. Akasema, tunakula. Nataka mle. Analala. Nataka alale. Mkia wa a umegeuka e. Sisi tunatoka a kwenda e, wao wanatoka e kwenda a, kama watu waliopishana mlangoni.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Natamani kipindi kiishe. Kiishe. Nilitoa mfano sahihi kuliko wote uliowahi kutolewa katika chumba kile, nikafukuzwa nao. Lugha yetu haina kitu kama hiki, eti. Tunacho tangu tukinyonya. Mama zetu wametuambia ulale, ule, unawe, uje, usianguke, maisha yetu yote ni matakwa ya watu wengine yenye e mwishoni, halafu mtu anatuweka kwenye dawati la mtoto kutuambia ubongo wetu haujazoea. Nilitaka nipande zile ngazi saa ile ile. Dada akasema kwanza mle.

Mngefikiri basi, mambo yameisha. Sponji alirudi darasani akiwa amelielewa lile neno kama anavyoielewa mikanda. Mwalimu akamsimamisha mbele, akamwambia awaeleze wenzake. Macho ya darasa zima yakamgeukia. Na yeye, mtu aliyelifungua lile neno tumbo, akasimama pale mikono inaning'inia, ulimi umeingia ndani, hata duerma ya kwanza haikutoka. Watu wakacheka chinichini. Mwalimu akatazama dirishani, akasema, "Mzee, rudi darasa la kuanzia. Hapa utawachelewesha wenzako."

Alinisimulia hayo akiwa chini ya kochi, kwa sauti ya kawaida tu. Mimi ndiye niliyerusha nyundo, ikatoboa kopo la gundi.

Na habari zikamfikia Bwana Ratiba, maana wenye viatu vinavyometa hujuana. Kikao cha familia kilipokaa, alikuwa na ratiba imechapwa, kila mtu na kazi yake. Hotuba ya familia: yeye. Tafsiri: mkalimani. Mimi niliwekwa kupanga viti. Nikatafuta jina la baba wa bibi harusi, baba aliyemzaa, aliyemsomesha kwa kulala chini ya makalio ya watu. Nikaliona. Limeandikwa: kusimama na kutabasamu.

Nilisoma kwa sauti, kila mtu asikie. Kusimama na kutabasamu. Nikauliza kama atatabasamu kwa meno au bila meno, ili ajiandae. Bwana Ratiba akasema mimi siku zote nageuza mambo mazito kuwa kichekesho. Nikamwambia hiki sikukigeuza, nimekikuta tayari. Dada yangu alikuwa analia kimya. Sponji akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akasema hakuna shida, ila atawapa watoto zawadi ya kochi la watu wawili, fremu atatengeneza shemeji. Bwana Ratiba akafurahi, akaandika: kochi, saa ya zawadi, lifungwe utepe.

Fremu ile niliitengeneza kama natengenezea mfalme. Ukiiona utalia. Sponji akalivalisha kitambaa cha kijani kilichokolea, akashona ukingo kwa mkono. Asubuhi ya harusi lilikuwa juu ya magogo pale karakanani, limekamilika, isipokuwa tumbo. Kitambaa cheusi kilikuwa kinaning'inia upande mmoja.

Ukumbi uko kona mbili tu kutoka karakanani. Nilipanga viti, na kila kiti nilikigonga kwa ghadhabu. Wakwe walikuwa watu wa kawaida kabisa: baba mfupi mwenye masharubu, mama anayeshikilia mkoba wake kwa mikono yote miwili. Bwana harusi mrefu, anainama akisalimia. Bwana Ratiba akasimama, akaongea, mkalimani akaongea, akaongea tena. Alizungumzia ushirikiano, maendeleo, na namna alivyopanda cheo kazini. Yule mama wa mkoba alikuwa anaitika kwa kichwa, kwa subira ya mtu anayengoja kuitwa kliniki. Na Sponji alikuwa amesimama kando, ndani ya suti, anatabasamu kama ilivyoandikwa, mpaka nikaona misuli ya mashavu inatetemeka. Nilimtazama nikaapa kwamba chakula cha ukumbi ule sitakigusa. Baadaye nilikigusa, lakini bila furaha.

Saa ya zawadi ikafika. Bwana Ratiba akatangaza kochi liletwe. Wabebaji wakatoka, wakarudi mikono mitupu, wakamnong'oneza. Akamwendea kaka yake. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia.

"Kaka, wanasema umewakataza kulibeba."

"Halijafungwa."

"Si uwafungie sasa, watu wanangoja."

"Mwenyewe hajakaa," Sponji akasema. "Sifungi kochi mwenyewe hajakaa. Unanijua."

Hakupaza sauti. Hakumtazama hata. Bwana Ratiba akafungua mdomo, akaangalia ratiba yake, kana kwamba kuna mahali pameandikwa la kufanya. Mpwa wangu alikuwa ameshasikia. Alikulia karakanani yule, anajua. Akainuka na gauni lake lote, akamwambia mumewe jambo kwa Kihispania, mume akawaambia wazazi wake, na yule mzee wa masharubu akasimama haraka sana, nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kutoka tangu saa ile ya cheo.

Basi tukatoka. Bibi harusi amekunja gauni mkononi, wakwe nyuma, dada yangu, mimi nikitangulia kufungua mlango, na Bwana Ratiba mwishoni na mkalimani wake. Karakana ilijaa. Vumbi la mbao likapanda kwenye gauni jeupe, hakuna aliyejali. Bibi harusi akamvuta mumewe, wakapanda kwenye kochi, miguu yao inaning'inia kwa sababu ya magogo, kama watoto kwenye ukuta. Sponji akavua koti, akanipa. Akalala chali, akajisogeza ndani, zikabaki soksi.

Mpwa wangu akagonga mkono wa kochi mara moja. "Baba, tumekaa."

Najua alikuwa ameweka kiganja kwenye mikanda, anawasikiliza. Mama wa mkoba akamtazama mwanawe kwa wasiwasi. Mkalimani akasogea, akafikiri kuna kazi. Nikamwonyesha kidole cha kumwambia athubutu.

Kisha sauti ikatoka chini ya kochi, nzuri, haina haraka.

"Quiero que se quieran."

Nataka mpendane. Ameanza na lile la springi mpya, nikajisemea. Amekwenda vizuri.

"Y que no se duerman enojados."

Na msilale na hasira.

Dada yangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni, hakuhitaji mkalimani, sheria ni yake. Mama wa mkoba akauachia ule mkoba, ukaanguka juu ya vipande vya sponji. Bwana harusi alikuwa anatazama kati ya magoti yake, pale sauti ilipotokea. Halafu yule kijana mrefu akainama, akainama zaidi, mpaka kichwa chake kikaning'inia chini ya ukingo wa kochi, uso juu chini, akamwona mkwe wake. Akamjibu kwa sauti ya chini.

"No, señor. Que nunca nos durmamos así."

Durmamos. Lile lile, tumbo la tatu, lililonikosesha usingizi mimi bingwa wa usingizi. Soksi zikatulia. Kisha nikaona kidole gumba cha mguu kinajikunja na kujikunjua.

"Shemeji," sauti ikaniita.

"Naam."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Springi iliyochoka."

"Amesema wasije wakalala hivyo hata siku moja. Nimemwelewa." Akagonga mkanda kwa kidole. "Binti anakaa kwa ubavu, kama mama yake. Nitakaza upande wa kulia. Waambie wainuke nifunge."

Nikawaambia wainuke. Mzee wa masharubu akapiga magoti kando ya kochi, akaanza kumweleza Sponji jambo refu, haraka haraka, kwa mikono, na Sponji chini anaitika sí, sí, na mimi namjua, hakuelewa hata neno. Mpwa wangu alikuwa anacheka huku machozi yanaharibu poda. Kitambaa cheusi kilihitaji mtu wa kukivuta upande wa pili. Nilikuwa nimeshika koti, dada analia, wakwe ni wageni. Bwana Ratiba akaweka ratiba yake kwenye benchi langu, akapiga goti na suruali yake ya kupigwa pasi, akavuta.

Sikumsifu. Na ile u bado siitambui, nasema hapa mbele yenu. Stepla ikaanza kulia, ta, ta, ta, kuzunguka tumbo la kochi.